Dumu la Mama Shepu

Kila siku akitoka shule, Pilipili alipitia kwenye kibanda cha ushonaji cha dada yake, akafagia nyuzi na vipande vya kitambaa, kisha wakarudi nyumbani pamoja. Jina hilo la Pilipili hakupewa bure. Ukimkosea leo, hata mwezi upite, atakulipa tu.

Wiki ile kibanda kilifungwa. Dada mtu alikuwa nyumbani amelala kifudifudi, hawezi kukaa kitini, seuze kukanyaga cherehani. Kisa chenyewe alikijua Pilipili peke yake. Dada alizoea kuwashonea wanawake wenzake magauni ya kubana, nao wakimtania, "Fundi, mbona wewe mwenyewe umenyooka kama rula?" Maneno hayo yalimkaa rohoni. Basi akaenda kwa Mama Shepu, msusi aliyejisifu kuwa ana sindano za kukuza makalio kwa siku moja. Pilipili alimsindikiza hadi saluni, akamngoja nje ya pazia, na walipotoka akaapishwa asimwambie mtu.

"Hata mama?"

"Hasa mama!"

Siku ya tano homa ikapanda, makalio yakavimba na ngozi ikaanza kuwa nyeusi. Mama, aliyekuwa ameambiwa ni jipu, akamkimbiza hospitali.

Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa porojo, alitazama mara moja tu. "Hili si jipu. Amechomwa nini?"

Dada alikuwa anaweweseka, hajui hata yuko wapi. Daktari akamgeukia Pilipili. "Binti, wewe unajua chochote?"

"Sijui."

Alijua, tena sana! Lakini moyoni alikuwa ameshapanga lake. Wakubwa wakisikia, watamkaripia Mama Shepu, basi, mambo yataishia hapo. Hapana. Yule mwanamke ni wake. Atamkomesha yeye mwenyewe. Dawa yake yote ataimwaga mtaroni, lisibaki hata tone, halafu tuone atamchoma nani tena.

Kesho yake mchana akaenda saluni. Mama Shepu alikuwa uani akimwosha mteja nywele, na kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Pilipili damu ikamchemka. Dada yangu yuko mahututi, na huyu anacheka! Akajipenyeza nyuma ya pazia. Chini ya meza, kando ya boksi la sindano, palikuwa na dumu la plastiki lenye mafuta mazito. Akalibeba kwa mikono miwili mpaka mtaroni, akafungua kifuniko, akaliinamisha.

Hapo picha ya mrembo iliyobandikwa ubavuni ikabanduka. Chini yake palikuwa na maandishi ya kiwandani: Mafuta ya kung'arishia matairi. Yasiingie mwilini.

Matairi! Akakumbuka swali la daktari. Jibu lilikuwa mikononi mwake, na alibakiza kidogo tu alimwage. Akalifunga dumu, akatimua mbio nalo mpaka hospitali.

"Daktari, nilikudanganya," alisema huku akihema. "Alichomwa haya. Aliyemchoma namjua."

Mama akashika kichwa. "Jana ulikuwa unajua?"

Daktari hakungoja malumbano. Alisoma yale maandishi, akawaita wenzake. "Andaeni chumba cha upasuaji. Haya yakiingia kwenye mishipa ya damu yatafika mapafuni."

Dada alipasuliwa mara mbili. Alipona, lakini upande mmoja umebaki na shimo, na mpaka leo anachechemea. Alipopata nguvu ya kusema, aliuliza, "Daktari, ningefanyiwa hospitali ingekuwa salama?"

"Ingekuwa afadhali, lakini hatari ipo hata kwetu," daktari alimjibu. "Mtu huweza kuvuja damu nyingi, kidonda kikaoza, au dawa ya usingizi ikamdhuru. Tunakubali hatari hiyo tunapotibu ugonjwa. Wewe, binti yangu, ulikuwa huumwi."

Maofisa wa afya walipokwenda kuifunga saluni, walimtaka Pilipili alitambue dumu mbele ya mwenyewe. Mama Shepu akaanza kulia. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Mwanao? Ungemchoma mwanao mafuta ya matairi?"

Mama Shepu akainama mbele ya wateja wake wote. Pilipili hakumwonea huruma hata chembe. Alifurahi, tena alifurahi waziwazi.

"Amepata alichostahili," alimwambia mama njiani.

"Amepata," mama alisema. "Lakini daktari alipouliza, dada yako alikuwa anakata roho, na wewe ukamnyima jibu siku nzima. Kwa nini?"

Pilipili alitazama chini, furaha yote ikamtoka. "Nilitaka nimlipe mwenyewe."

Mama akamshika mkono. "Siku nyingine, mwanangu, sema kwanza. Hasira itakungoja. Mgonjwa hawezi kungoja."