Spika Iliyogeuzwa

Kila siku ya shule, kengele ya saa kumi ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia uwanjani naye Mwelu alikimbilia darasa la muziki. Alikuwa gredi ya saba katika shule moja ya Katelembo, na jambo lililomsumbua kuliko yote ni sauti ndogo ya gita la mbao. Ukilipiga ndani ya darasa, linasikika vizuri. Ukilitoa nje, upepo unaondoka na muziki wote. Kwa nini? Aliuliza swali hilo hadi Levi, aliyepiga gita pamoja naye, akaanza kuomba ahamishiwe kwenye ngoma.

Alhamisi moja walikuwa na mazoezi ya mwisho kabla ya Siku ya Wazazi. Fundi wa sauti, Bwana Ndunda, alikuja na mashine zake kutoka Mlolongo. Aliweka maikrofoni karibu na tundu la gita la Mwelu, kisha akasimamisha spika mbili mbele ya wapigaji, zikiwaelekea watazamaji. Mwelu alipogusa uzi mmoja tu, sauti ilifika langoni. Alifurahi hata akasahau wimbo.

Kisha akamkumbuka nyanya yake, Kamanthe, aliyezoea kumwita susu kwa Kikamba, na ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka. Viti vya wazee vilipangwa kwenye kivuli cha veranda, nyuma ya wapigaji, na spika zote zilikuwa zimevipa kisogo. Bwana Ndunda alipokwenda kunywa chai, Mwelu aliigeuza spika moja ikaelekea veranda. Alitaka tu nyanya yake asikie.

Walipoanza kupiga tena, mlio mkali ulitoka kwenye spika na kuzidi kupanda. Watoto wa chekechea waliziba masikio. Mbwa wa mlinzi aliamka akahamia nyuma ya jikoni. Bwana Ndunda alipunguza sauti na mlio ukakoma, lakini gita nalo halikusikika tena. Kila alipoongeza, mlio ulirudi.

Mwalimu mkuu, Bwana Kilonzo, akatoka ofisini. "Ndunda, hii ni nini?"

"Hata mimi sielewi, mwalimu. Saa hii tu ilikuwa sawa," fundi akasema. Akawageukia wanafunzi. "Kuna mtu amegusa kitu hapa?"

Wanafunzi wakatazamana. Mwelu akatazama viatu vyake.

"Basi kesho watoto wataimba bila gita," mwalimu mkuu akasema. "Funga mashine zako. Mwaka ujao tutatafuta fundi mwingine."

Bwana Ndunda alikuwa na hakika kwamba ubovu uko ndani ya mashine, kwa hiyo aliinama na kuanza kuifungua kwa bisibisi. Mwelu alimwonea huruma, lakini bado alitaka kujua. Akachuchumaa kando yake.

"Bwana Ndunda, sauti ikitoka kwa spika inaenda wapi?"

"Inaenda pale spika inaangalia."

"Na maiki inachagua sauti ya kushika?"

"Haichagui. Inashika yote inayoifikia. Hata mbao ya gita inatikisika ikipigwa na sauti kubwa."

Mwelu alifuata njia hiyo kwa kidole. Sauti ilitoka kwa spika ikafika kwenye gita, ikaingia kwenye maikrofoni, ikarudi kwa spika ikiwa kubwa zaidi, halafu ikazunguka tena na tena. Kumbe mlio ule ni sauti iliyokosa pa kwenda. Alifurahi sana kuelewa, na papo hapo akaona aibu.

Angeweza kuirudisha spika kimyakimya na hakuna ambaye angejua. Hata mkono alikuwa ameshaunyoosha. Lakini fundi alikuwa ameanza kukunja nyaya, naye angeondoka na jina baya lisilo lake. Mwelu akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, ni mimi niligeuza spika. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa utanitoa kwa programu."

Waliirudisha spika mahali pake. Mwelu akapiga gita, na sauti ikatoka safi, bila mlio.

"Hata mimi nilipaswa kuangalia spika kabla ya kushika bisibisi," Bwana Ndunda akakiri, akijikuna kichwa.

"Na wazee je?" Mwelu akauliza.

"Si tuhamishe tu viti?" Levi akasema. Wakacheka, maana hakuna aliyekuwa amefikiria hivyo.

Bwana Kilonzo alimwomba fundi msamaha mbele ya wote, kisha akamgeukia Mwelu. "Kugeuza spika lilikuwa kosa dogo, tena la moyo mzuri. Kunyamaza ndiko kulikotupotezea mchana. Fundi hawezi kurekebisha jambo alilofichwa. Ungeendelea kunyamaza, tungeleta mashine mpya nayo ingelia vilevile. Sasa viti vyote vya wazee utavibeba wewe."

Mwelu alivibeba, viti ishirini na vitatu, hadi chini ya turubai lililofungwa mbele.

Kesho yake, wimbo ulipokwisha, Kamanthe alimwita. "Leo nimesikia kila kitu, mwanangu. Hata pale ulipokosea."

"Nilikosea mara mbili, susu," Mwelu akasema, akamweleza jinsi alivyogeuza spika na kunyamaza.

Kamanthe akacheka, akamshika mkono. "Hiyo ya pili sikuisikia. Umefanya vizuri kuniambia."