Filimbi ya Kutua

Jioni hiyo nilitumwa maji. Mimi Hamudi, mwanaume wa miaka hamsini na kitambi chake, niliyeendesha malori kutoka Beira hadi Bunia, nikatumwa maji kama mwali.

"Na usiyapakie kwenye pikipiki," alisema mama yangu, Bi Sijaona. "Maji ya kumpa mtoto jina hubebwa kichwani. Na mjomba mtu."

Serikali iliahidi kumtua mama ndoo kichwani. Mjomba hakutajwa.

Ila sikucheka. Ndani, mpwa wangu Swaumu alimpakata mwanawe, hanyonyi tangu juzi. Hospitali walimpima, hawakuona ugonjwa. Wawili waliomtangulia walikwenda hivyohivyo, kabla hawajapewa jina.

"Mjomba," aliniambia, "huyu usiniache nimzike."

Chemchemi iko chini ya ukingo wa mlima wetu, upande wa Kitangari. Nikajaza dumu, nikasokota ngata ya majani, nikajitwika, nikaanza kupanda huku nikihema kama Fuso bovu. Jua lilikuwa limezama nyuma ya Masasi.

Ndege wakanyamaza.

Kisha harufu... Si korosho za kubanika. Baruti. Naijua. Kongo nilipeleka maharage ya walinda amani, nikarudi Newala najitangaza mpiganaji mstaafu.

"Shikamoo."

Kijana, kama wa miaka ishirini, amesimama katikati ya njia. Kaniki kiunoni. Kamba shingoni. Kichwani chuma kirefu kilichoviringishwa gunia, na shingo imedidimia mabegani.

"Marahaba, baba," nikaitikia.

"Nitue."

Kwenye mteremko ule, mtu akikuomba umtue humwulizi ni nani. Mama zetu walipandisha maji njia ile miaka na miaka; aliyempita mwenzake na mzigo hakusalimiwa tena kisimani. Nikaweka dumu chini.

"Mbona hukutua mwenyewe?"

"Filimbi bado," akanong'ona. "Fupi ni kujitwika. Ndefu ni kutua. Anayetua kabla ya ndefu, kiboko."

"Filimbi ya nani?"

"Bwana Mkubwa. Wa bombom."

Neno hilo nililisikia kwa bibi yangu tu, mama yake mama, akisimulia vita vya Mjerumani na Mwingereza: bunduki iliyotema risasi kama mvua, ikibebwa vipande vipande na vijana waliokamatwa mashambani.

Mimi nikiogopa, mdomo ndio hukimbia. Nikamwambia bombom limepitwa zamani. Enzi za mikuki na magobori mtu alimwona anayemuua. Likaja bombom, zikaja ndege za kudondosha mabomu, ng'ambo ya Ruvuma wakayafukia ardhini kama mihogo. Siku hizi kuna kidege kisicho na mtu ndani. Kamanda amekaa kitini, nchi nyingine, anakunywa chai.

"Na mzigo anabeba nani?"

Nikaikumbuka barabara ya Bunia. Akina mama, magodoro kichwani, masufuria, watoto mgongoni.

"Wanaokimbia," nikasema.

Akageuza macho bondeni.

"Basi bado tuko wengi."

Nikakishika kile chuma. Kilikuwa cha moto, kizito hata magoti yangu yakagusa chini. Aliponyoosha shingo niliisikia, ka... ka... ka... mfupa kwa mfupa. Akalipigia magoti dumu langu, akanywa. Akanywa. Akayanywa maji ya mtoto yote, nami nimepiga magoti kando ya kile chuma.

"Wakiuliza nani alikuwa na mzigo huu, taja Salmini. Kwetu hakuna aliyelichukua jina langu."

Nikapepesa macho. Njia tupu.

Nyumbani nilifika mbio, dumu linagongagonga.

"Maji yako wapi?" mama akauliza.

"Kanywa Salmini."

Mama akakaa palepale kwenye vumbi. Salmini alikuwa mjomba wake, kaka wa bibi yule msimulizi. Walimchukua jembe likiwa mkononi. Hakuzikwa, unga wa tambiko haukumwagwa, na jina halikurithiwa, maana mama yake mzazi alikufa akisema mwanangu atarudi.

"Alikusalimia?"

"Aliniamkia shikamoo."

"Na wewe ukaitikia marahaba?" Alilia huku akinipiga kofi la begani. "Marahaba kwa mjomba wangu!"

Akamwaga unga kizingitini. Nikainama sikioni mwa mtoto, nikalitaja jina.

Akalishika titi.

Asubuhi nilirudi mteremkoni. Chuma hakipo. Palikuwa na ngata tu, ya majani mabichi, imekandamizwa ikawa bapa kama chapati. Yangu niliikuta mbele kidogo, ilipodondoka nilipokimbia.

Salmini sasa anatembea. Mtoto mcheshi, masikini, kanifuata mimi. Lakini kila jua likizama hutafuta cha kubeba: kopo, kipande cha tofali, kiatu changu. Hujitwika, husimama mlangoni akitazama ukingoni. Swaumu akijaribu kumtua, hupiga mayowe. Ananisubiri mimi.

Matajiri wa malori wananipigia simu, kuna mzigo wa Lubumbashi, nakataa. Wenzangu wanasema Hamudi kazeeka. Kweli nazeeka. Nani atamtua nisipokuwepo?

Jana alijitwika kopo tupu. Nililishika kwa mikono miwili, na magoti yangu yakagusa chini.

Sijainuka, mtoto akageuza kichwa upande wa bondeni. Kisha na mimi nikaisikia.

Filimbi.

Fupi.