Aliyejibu Kwenye Ukurasa wa Nizigama

Cheka tu. Wewe umesoma, una simu kubwa mkononi, unajua majini hukaa kwenye magofu na vyoo vilivyoachwa, hayana shughuli na kompyuta. Cheka umalize, maana wenzako waliocheka zamani leo hawakubali kubaki peke yao kwenye chumba cha ofisi hata mchana. Ukishamaliza, nyamaza usikie.

Chumba cha mbele cha Mzee Hamdani, pale Ujiji, kilikuwa ofisi ya Tutafutane, kikundi cha watu waliopotezana na ndugu zao walipokimbia kutoka Burundi. Kazi yao ilikuwa tovuti. Kila aliyepotea alikuwa na ukurasa wake, na chini yake nafasi ya yeyote aliyemwona kuandika maoni. Capitoline, mama mmoja wa mtaa wa Katubuka aliyekwisha kuchoka na mambo ya dunia hii, alikuja kusoma ukurasa mmoja tu, wa mdogo wake Nizigama, aliyeachana naye ufukweni watu wakigombania boti.

Jambo lilianza dogo. Kiti cha mbele ya kompyuta kikawa kinalowa. Wanakifuta asubuhi, mchana kimelowa tena, kinanuka dagaa walionyeshewa. Wakasema paa linavuja. Ilikuwa kiangazi.

Kisha Nizigama akaandika. Mimi mzima, dada, nisubiri hapo hapo. Capitoline akamjibu, naye akajibiwa. Akimwuliza yuko wapi anaambiwa karibu. Akimwambia njoo anaambiwa subiri. Akasubiri hivyo hadi shamba likaota majani, wanakwaya wenzake wakaacha kumpitia, na yeye mwenyewe akakonda akabaki mifupa na kitenge.

Wakati huo tovuti nayo ilikuwa taabani, leo inazima, kesho imejaa matangazo ya kamari. Wakamwita fundi, Dismasi. Akasema mfumo unaoiendesha umetelekezwa na waliouunda, lazima wachague mwingine. Mmoja mkubwa, mzito, utahamisha kila kitu pamoja na maoni yote. Wa pili mwepesi, una kurasa tu, nafasi ya maoni hauna. Mwenye habari atapiga simu ofisini. Wajumbe wakabishana vikao kwa vikao kama wanaoposa. Capitoline alitaka ule mkubwa, na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwuliza kwa nini.

Siku ya kukata shauri walibaki watatu, yeye, Hamdani na fundi. Saa nane, jua kali. Umeme ukakatika, feni ikasimama, kompyuta ikazima. Lakini vibonye vikaendelea kugongwa, taratibu, kama mtu anayejifunza kuandika, na Dismasi akatazama mikono yake akaiona imelala mapajani, akatazama ya wenzake, na ile harufu ya dagaa ikapanda kutoka sakafuni ikawajaa puani na kooni, na kwenye kioo kilichozimika, cheusi tii, herufi zikatokea moja moja zikisema wachague ule mkubwa, wachague upesi, dada amechoka.

"Usimjibu, Mama Capitoline," Hamdani akanong'ona. Chumba hicho alishakisomea dua na kukifukiza ubani mpaka majirani wakalalamika.

Capitoline akainama mbele ya kioo. "Nizigama. Baba yetu aliitwa nani?"

"Ndayikunda," herufi zikajibu.

Capitoline akakaa chini. Ndilo jina aliloliandika mwenyewe kwenye ule ukurasa. Lakini Ndayikunda alikuwa jirani yao. Capitoline alilitaja kambini alipoandikishwa, kwa woga, maana siku zile hujui anayekuuliza jina la baba yako anakuuliza kwa nia gani. Akaendelea nalo miaka yote mpaka ulimi ukalizoea. Nizigama kambini hakufika. Angelitoa wapi? Basi kila alichokijua huyu, alilishwa na yeye, kijiko kwa kijiko.

"Fundi," akasema, "umeme ukirudi weka ule mwepesi."

"Bibi, maneno yake yote yatapotea."

"Si yake."

Vibonye vikanyamaza. Ikaja sauti badala yake, ya mtoto wa kiume, nyuma ya sikio lake, baridi kama maji ya alfajiri, nayo haikugomba wala haikutisha, ilibembeleza tu, ikasema haya dada, nimekosea, basi niambie jina la baba, jina lenyewe, mara moja tu niliseme kama wewe, na Capitoline akahisi lile jina ambalo hakuwahi kulitamka upande huu wa ziwa likipanda, likifika kwenye meno, likisubiri afungue mdomo.

Akauma midomo. Akashika ukuta, akasimama, akajifunga kitenge vizuri. Akawaashiria Hamdani na fundi watangulie, nao hawakungoja kuambiwa mara mbili. Kisha akatoka mwenyewe, akaufunga mlango.