Gitaa la Shingo Fupi

Mke wa Solo alipoliinua gitaa kitini ili afagie, shingo ya gitaa ilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana pazia lilikuwa limefungwa. Lilikuwa joto la mkono wa mtu aliyelala. Akalirudisha taratibu, akajifuta kiganja kwenye gauni, akaendelea kufagia. Alikuwa fundi cherehani na wateja walikuwa wanadai nguo zao. Hakuwa na muda wa kushangaa mbao.

Mumewe alipachikwa jina la Solo enzi za bendi, na jina likabaki hata baada ya kiharusi kuufisha mkono wake wa kushoto. Vidole viligoma. Magitaa ya kawaida yalimshinda. Akijaribu kunyoosha kidole cha mwisho, jasho lilimtoka na machozi yakafuata. Ndipo fundi redio wa mtaani akamletea hili: gitaa la umeme la zamani, jekundu lililofifia, shingo fupi hata ungedhani lilitengenezewa mtoto. Vyuma vya shingoni vilikaribiana, nyuzi zililegea kidogo, hivyo kidole kikigusa tu sauti ilitoka nene na tamu, kama mtu anayekunong'oneza huku anatabasamu.

"Shika," fundi redio alisema. "Hili halimchoshi mtu."

Solo akapiga. Akapiga tena. Mkewe akaacha cherehani, akasimama mlangoni akilia kwa furaha.

Wapigaji wenzake wakamiminika. Kila aliyelipakata alisema yale yale: linakaa kifuani kama limezaliwa hapo, vidole vinajiendea vyenyewe. Mpiga besi, mtu mzima mwenye wajukuu, alipoambiwa alirudishe alinuna kama aliyenyang'anywa sahani.

Kisha ikaja harufu ya nywele zilizoungua, kila adhuhuri, watu wakiwa wamejinyoosha. Pamoja nayo nyuzi zikawa zinalia chumbani, polepole, zikisita, kama mtu anayejifunza.

"Ni panya," Solo alisema bila kumtazama mkewe.

"Panya gani huyo anayerudia pale alipokosea?"

Solo akajifunika shuka usoni.

Siku moja Solo, ambaye siku hizo aliuficha mkono wa kushoto mfukoni, alikuwa ananawa kabla ya chakula, pete ya ndoa ikadondoka kwenye beseni. Mkewe akaiokota, akamshika mkono amvike, na alipoviweka vidole vyake kando ya vya mumewe, kama walivyokuwa wakifanya enzi za uchumba, akaona kwamba vile vya kushoto, vilivyokuwa virefu hata akawa anamtania kuwa ni vya kufutia dari, sasa havikufikia hata ncha za vyake mwenyewe, vimekuwa laini, vinene, kucha ndogo kama punje za mahindi, mkono wa mtoto uliopachikwa kwenye kifundo cha mtu wa makamo, na kutoka chumbani, ambako hapakuwa na mtu, nyuzi zikaanza kuupiga wimbo ule ule alioupiga Solo asubuhi, safari hii bila kukosea hata mahali pamoja.

"Tangu lini?" alinong'ona.

"Siku nyingi."

"Na ukanyamaza?"

"Mkono unafanya kazi, mke wangu," Solo alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Unafanya kazi."

Mganga aliyeitwa alikuwa bado kijana, mwenye miwani, mpole, asiye na makeke. Alifunga madirisha, akafukiza dawa, akalilaza gitaa sakafuni mbele ya Solo.

"Wewe uliyemo," aliuliza, "umemfuata huyu kwa nini?"

Kinywa cha Solo kikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto aliyeamshwa usingizini.

"Sikumfuata. Kila nikitaka kuondoka, ananishika. Ananiambia nisimwache."

Mganga akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi hapo hakuna dawa yangu. Mwambie aende, kaka. Kwa kinywa chako."

Solo akamgeukia mkewe. "Sitapiga tena."

"Najua."

"Hata wimbo mmoja?"

"Najua, mume wangu. Mwambie."

Akamwambia, chini chini, kama anayemuaga mgonjwa. Nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine. Ubaridi ukapita miguuni mwao na mlango ukajifungua. Mkono ukarudia urefu wake, mzito, mkavu kama ukuni. Solo akaupakata kwa mkono wa kulia, akalia kilio cha aliyefiwa, na mkewe hakumwambia anyamaze.

Mganga akalifunga gitaa kwenye shuka, akaondoka nalo akalichome.

Nyumba ikatulia. Solo akawa haongei sana, lakini alikula, alilala. Mkewe akashona shati zuri la shukrani, akalipeleka mwenyewe kwa mganga.

Alikuta mlango umefungwa mchana kweupe. Mke wa mganga alikuwa amekaa kizingitini, macho mekundu. Kutoka ndani ilisikika sauti nene, tamu.

"Si alisema atalichoma?" mke wa Solo aliuliza.

"Alisema atalitia nyuzi kwanza asikie tu mlio wake. Na hajawahi kushika gitaa maishani mwake." Mke wa mganga akatazama mlango, akashusha sauti. "Dada, nyinyi mlikaa nalo. Hebu niambie. Kwa nini siku hizi akila anauficha mkono?"

Mke wa Solo akaketi kando yake, shati mapajani, akaanza na ile siku ya pete.