Kipepeo Mwenye Doa la Mgomba

Kila asubuhi kabla ya shule, watoto wa Marangu walipita kwenye mibuni na makopo yao, wakiokota wadudu wanaoharibu kahawa na kuwatumbukiza kwenye mafuta ya taa. Kwa hiyo Mwalimu Yakobo aliposema, mwaka ule wa 1954, kwamba darasa lake litakusanya picha za wadudu, wanafunzi wote walicheka.

"Hawa wa kwenye kopo, mwalimu?" Aikande aliuliza.

"Huyu," mwalimu akajibu, akainua stempu ndogo yenye kipepeo wa buluu. "Barua ikishafika, kazi ya stempu posta imekwisha. Kwetu sisi ndipo inapoanza. Kila nchi huweka kwenye stempu kitu inachokipenda. Msumbiji wameweka vipepeo."

Stempu ile ilikuwa ya Elifuraha. Baba yake alikuwa seremala huko Beira, na hakuwa amerudi nyumbani tangu Elifuraha alipoanza shule. Stempu alizozilamba baba na kuzibandika kwa mkono wake mwenyewe, Elifuraha alizitunza ndani ya Biblia ya mama. Alikubali kuziazimisha kwa ajili ya albamu ya darasa. Mwalimu akawaonyesha namna ya kukata bahasha kuzunguka stempu, kuloweka kipande majini mpaka stempu ijibandue yenyewe, na kuianika kivulini. Kuzibandika kwenye albamu kungesubiri vijikaratasi vya gundi kutoka dukani Moshi mjini.

Aikande ndiye aliyepewa albamu aitunze, naye hakusubiri. Jumamosi aliingia kihambani kwao, shamba la migomba linalozunguka nyumba, akakata jani la mgomba, akapaka utomvu wake nyuma ya stempu na kuzikandamiza. Mtoto aliyezaliwa na kukulia kwenye migomba! Magauni yake ya shambani yote yalikuwa na madoa ya utomvu yasiyotoka kwa sabuni yoyote, na bado akaona amepata gundi. Kufikia Jumatatu vipepeo walikuwa na madoa ya kahawia mpaka kwenye mabawa.

Uzembe huo ungesameheka. Kilichofuata ndicho kinachoudhi. Elifuraha alifungua albamu mbele ya darasa na kuuliza nani amefanya vile. Aikande akajibu, "Zilikuja hivyo hivyo. Labda baba yako ana mikono michafu."

Baadhi ya wanafunzi wakacheka. Elifuraha hakulia. Alifunga albamu, na tangu hapo hakumsemesha Aikande tena, si darasani wala kwenye mfereji wa maji.

Aikande naye akakasirika, kama wakosaji wengi wanavyokasirika. Kisa kijikaratasi tu? Lakini kununiwa kulimchosha. Akakumbuka isale, ule mmea unaopandwa mpakani mwa vihamba. Uchaggani aliyekosa huchuma jani lake na kumpelekea aliyemkosea, na ni vigumu mno mtu kulikataa. Akachuma jani bichi, akalifunga fundo kama wafanyavyo wazee, akaenda.

Mama yake Elifuraha alikuwa mlangoni akimenya ndizi mbichi.

"Shikamoo, mama. Nimemletea Elifuraha isale, tuyamalize."

"Marahaba. Myamalize yapi?"

"Yale ya stempu."

"Nani alizichafua?"

Aikande akatazama pembeni. "Ziliharibika tu."

Elifuraha akatoka ndani. "Mama, usilipokee. Alisema baba ana mikono michafu, watu wakanicheka. Sasa anataka jani linilazimishe."

Mama akaweka kisu chini. Akanyoosha mikono yake, iliyokuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi. "Doa hili unalijua?"

Aikande akaurudisha nyuma mkono wenye jani.

"Mimi nalijua, na nimekukasirikia, sikufichi. Baba yake yuko mbali, hawezi kujitetea. Isale si kitambaa cha kufunikia kosa. Litaje kosa lako kwanza, palepale uliposemea uongo, ndipo ulete jani. Hili rudi nalo."

Aikande hakuwahi kumwona mtu akirudi nyumbani na isale mkononi. Njia nzima alilificha ndani ya gauni.

Kesho yake alisimama kabla mwalimu hajaita majina. "Stempu nilizibandika mimi kwa utomvu wa mgomba," alisema. "Baba yake Elifuraha hakuzichafua. Nilimsingizia."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Yakobo alichukua albamu kwenye dawati la Aikande na kuiweka mbele ya Elifuraha.

"Njia ya mwongo ni fupi," alimwambia Aikande kwa ukali, "na wewe ulitaka kuipita ukiwa umemkanyaga mtu. Ulikosa subira, ukaharibu karatasi. Ukakosa ukweli, ukaharibu jina la mzazi wa mwenzako. Karatasi huenda tukapata nyingine. Jina ulilolichafua, ni wewe unayepaswa kulisafisha, na leo umeanza."

Jioni Aikande alichuma jani jingine. Elifuraha alilipokea, uso bado ameukunja.

Siku nyingi baadaye barua ilifika kutoka Beira, nayo ilikuwa na kipepeo wa manjano. Elifuraha alikuja shuleni na bahasha na bakuli la maji, akasimama mbele ya Aikande.

"Shika bakuli," alisema. "Kipepeo usimguse. Nitamtoa mimi."

Aikande akalishika kwa mikono miwili, bila kulitikisa, mpaka stempu ikajibandua yenyewe.