Pumzi ya Pili Chini ya Ubavu wa Yamna

Yamna alivuta hewa, akaitoa, na kabla hajachoma sindano tena, mtu mwingine akaitoa naye, palepale chini ya ubavu wake wa kushoto. Akaweka chini kifungo cha hariri alichokuwa akikisuka, cha joho la bwana harusi wa watu, akasikiliza. Kimya. Akarudi kwenye uzi. Ile pumzi ikaja tena, na chumba kikanuka masizi yaliyolowa.

"Umeanza?" mumewe Buazza akasema. "Madaktari watatu! Wa hapa Sefrou, wa Fez, na yule wa miwani. Wote wamesema huna kitu."

"Na hili donge?"

"Gesi. Punguza dengu."

Yule wa miwani ndiye aliyecheka zaidi. "Mama, una afya ya nyumbu. Ugonjwa wako ni hofu." Kisha akamtoa nje, akafunga mlango, akabaki na Buazza muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Sasa mtu asiye na ugonjwa anajadiliwa nini? Yamna aliuliza, akaambiwa ni vidonge vya usingizi. Basi akawa analipima donge kwa vifungo vyake: Shaabani lilikuwa ukubwa wa kifungo kimoja, baada ya Idi vitatu. Wakamwita mwehu.

Wifi yake Mahjuba, ambaye hakukosa jibu tangu azaliwe, akaamua. "Ulimwaga maji ya moto kwenye shimo la bafu bila bismillahi. Umemuunguza mtoto wa majini, watu wa chini. Aitwe fakihi akusomee."

Fakihi akaja Alhamisi baada ya adhuhuri, akadai kuku mweusi, akapewa. Akamlaza Yamna kwenye godoro, akamshika kidole gumba, akasoma. Na kadiri alivyosoma ndivyo ile harufu ya masizi ilivyopanda kutoka kwenye zulia, ikaingia mapazia, ikaingia makooni, na ile pumzi ya pili ikaacha kufuata ya kwanza ikatangulia, nzito, mpaka Mahjuba naye akajikuta anapumua kwa mwendo wake bila kutaka.

"Nani wewe?" fakihi akanong'ona.

Kinywa cha Yamna kikafunguka, ikatoka sauti ya bibi kizee asiye na haraka, kama jirani aliyekuja kuazima ungo.

"Mama wa yule aliyeunguzwa."

"Toka!"

"Nitatoka. Nilikuja kulipiza kisasi, fakihi, nikakuta pamekwisha kaliwa. Lile gonjwa msilolitaja jina limefika mpaka ini. Nikamlipize nini tena? Muulize mwenye nyumba. Yeye na dada yake wanajua tangu Shaabani. Hata muuza mkate anajua."

Fakihi akaachia kidole kama kaa la moto. Yamna, aliyesikia kila neno, akainuka na sauti yake mwenyewe.

"Buazza. Anasema uongo?"

Buazza akatazama zulia. "Mimi ndiye niliyemwomba daktari. Kwetu mgonjwa haambiwi, Yamna. Hata marehemu mama hatukumwambia. Ukiambiwa, moyo unakatika."

"Mama yako alikufa akidhani ni zabibu alizokula."

"Tulifanya kwa mapenzi," Mahjuba akasema, machozi yakimtoka.

"Mliniita mwehu kwa mapenzi? Nimekesha nikijisuta kwamba naiogopa gesi!"

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Anayeficha maradhi ya mwenzake hawakumtungia kitu. Labda walikosa tusi la kumtosha.

Fakihi akakohoa. "Bibi, tumalize. Aya mbili tu, atatoka."

"Wasomee hao wawili," Yamna akasema. "Huyu hatoki."

"Ni jini, mama! Jini anakula watu!"

"Aliyenila humu ndani siye yeye. Huyu nimemuunguzia mtoto, na bado ameniambia ukweli. Nenda zako na kuku wako."

Akaenda; kuku kwapani, kiatu kimoja mkononi. Yamna akaingia chumba cha kazi, akaubana mlango kwa ndani. Buazza akaegemeza paji la uso kwenye ubao, akabembeleza, akaapa, akalia. Harufu ya masizi ikapenya chini ya mlango, na kutoka ndani akasikia wanawake wawili wakizungumza kwa utulivu wa watu waliokaa na birika la chai, huyu akiuliza, huyu akijibu, ilhali koo lilikuwa moja.

"Basi nimebakiza siku ngapi?" Yamna akauliza.

Buazza akatia vidole masikioni, lakini jibu lilikuwa fupi mno, likawa limekwisha kumfikia.