Mtumbwi Uliozikwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kokubanza alikuwa na kazi mbili: kufagia uwanja na kuchota omuramba. Omuramba ni maji matamu ya ndizi mbivu, na nyumbani kwao, katika kijiji cha Ndama, hayakukosekana. Mama yake, Eugenia, aliyachanganya na unga wa mtama akapika uji, na uji huo ndio uliowatoa wote nyumbani na nguvu za kutosha. Sukari ya dukani waliiona Krismasi tu.

Aliyeukataa uji huo alikuwa mmoja, Bibi Kemirembe, mama yake baba. Bibi alikuwa amebakiwa na jino moja la maana, na jino hilo halikuelewana kabisa na kitu kitamu. Yeye alikunywa maziwa ya mgando, akiwacheka wenye meno mazima kwa ulafi wao.

Omuramba ulichotwa kutoka kwenye mtumbwi uliolazwa chini ya migomba nyuma ya nyumba. Huo haukuwa mtumbwi wa ziwani. Kwa lugha ya nyumbani waliuita obwato: gogo refu lililochimbwa tumbo, ambamo mwanamume huingia akaponda ndizi mbivu kwa miguu, pamoja na nyasi, mpaka zitoe maji. Melkiory, baba yake Kokubanza, aliuchonga mwenyewe kwa shoka na tezo. Haukuwa na ufa wala haukuvuja hata tone. Aliyaacha maji ya ndizi humo ndani, yamefunikwa kwa majani ya mgomba, hadi yaishe au yachachuke yawe pombe.

Mtumbwi ule ulimpa Melkiory jina kijijini. Kila mwenye harusi alikuja kuuazima. Rwegasira, jirani yao wa bondeni, alipomwoza binti yake, nusu ya Ndama ilikunywa kutoka humo, na watu wakaenda kwao wakiimba.

"Mti mzuri hivi umeupata wapi, bwana?" watu waliuliza.

"Chonyonyo, kwenye kibanja cha migomba cha marehemu mjomba," Melkiory alijibu haraka, kisha akaanza kuzungumzia mvua.

Kokubanza alijua kwamba mti ule haukutoka Chonyonyo. Mwaka uliotangulia, katikati ya miaka ile ya hamsini, kikosi cha serikali kilikuja kupambana na mbung'o, waliokuwa wakiua ng'ombe na kuwaletea watu malale. Mbung'o hupenda kivuli cha pori, kwa hiyo kikosi kililiua pori lenyewe. Vibarua walitia mikato ya shoka kuzunguka shina la kila mti mkubwa, wakamimina dawa ndani ya mikato, na mti ukakauka ukiwa umesimama. Mnyapara wao alipita akitangaza kwamba miti ile isikatwe, isichomwe, na mifugo isile majani yake.

Melkiory alimsikiliza mnyapara, ila kwa sikio la fundi. Mti mbichi lazima ulazwe muda mrefu kabla ya kuchongwa, la sivyo hupasuka. Sasa serikali ilikuwa imemkaushia miti bila jasho lake. Siku moja alimchukua Kokubanza ambebee tezo, wakaenda hadi kwenye lile pori lililokufa.

"Baba, mnyapara alisema miti hii isiguswe," Kokubanza alisema. Kwenye mikato ya shina aliona unga mweupe ulioganda kama chumvi.

"Mnyapara aliogopa ng'ombe wasile majani. Wewe unaona jani hapa?" baba yake aliuliza. "Tena nitakata juu ya hiyo mikato. Uchafu wao tutawaachia na kisiki chao."

Walipokuwa wakirudi, Melkiory alisimama njiani. "Ukiulizwa, mti umetoka Chonyonyo. Mkungu, mkuu wetu wa kijiji, akisikia vingine, ni mimi nitakayefungwa." Kokubanza aliitikia kwa kichwa. Alikuwa msichana msikivu, na siku hiyo usikivu ulimponza.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Kwanza lilikuwa tumbo la hapa na pale, ambalo kila mtu alilisingizia maharage. Mvua za vuli zikapita, zikaja za masika. Viganja vya Kokubanza vikaanza kukwaruza, vikiwa na vinundu vidogo vigumu, hata rafiki yake Auleria akakataa kushikana naye mikono mchezoni. "Mikono yako ni ya mzee wa kulima," alimtania. Kokubanza alicheka, lakini tangu siku hiyo alipenda kuificha mikono nyuma.

Mama yake ndiye aliyezidiwa. Yeye alikunywa uji asubuhi na kumalizia makoko ya chungu mchana, kwa kuwa hakupenda kitu kiharibike. Madoa meusi yalimtokea kifuani na mgongoni. Kisha miguu ikaanza kumfia ganzi, kuanzia vidoleni. Asubuhi moja alirudi kutoka kibanjani miguu imelowa, akaitazama kwa mshangao.

"Kumbe kuna umande leo," alisema.

Kokubanza aliogopa. Mama yake alikuwa mtu wa kukimbia kati ya migomba na jembe begani. Sasa alitembea akitazama chini, akiikanyaga ardhi kwa wasiwasi, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mwaka ujao Eugenia hatainuka kitandani.

Alikwenda zahanati akapewa dawa ya minyoo, isisaidie. Alipokwenda tena, Gaudiosus, dresa aliyetibu watu pale, aliamua kuja nyumbani kuona mwenyewe. Gaudiosus alikuwa mtu wa Muleba, mwenye baiskeli moja na maswali mengi. Alimwamkia Bibi shikamoo, Melkiory akamwekea buni za kutafuna kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima, kisha dresa akaomba kila mtu amwonyeshe viganja.

"Vyote vimekakamaa," alisema, "isipokuwa vya Bibi."

"Mimi ni mtu wa tezo," Melkiory alijibu. "Viganja vyangu havina budi kuwa vigumu."

"Na mkeo? Na huyu mtoto, naye anachonga?"

Melkiory aliirudisha mikono yake mapajani. Gaudiosus akauliza tena, "Ni kitu gani mnachokula ninyi ambacho Bibi hali?"

Walifikiri. Ndizi walikula chungu kimoja, maharage vilevile, na maji yalitoka chemchemi moja. "Uji," Bibi alisema. "Mimi sinywi ule uji wao wa omuramba."

Gaudiosus aliinuka akaenda kuutazama mtumbwi. Aliuzunguka, akaugonga kwa vidole. Melkiory alimfuata amekunja uso.

"Harusi ya Rwegasira walikunywa humu watu wasiohesabika," alisema. "Hakuna aliyeugua hata kichwa. Waulize."

"Mti wake umetoka wapi?"

"Chonyonyo."

Gaudiosus alimgeukia Kokubanza, labda kwa sababu mtoto alikuwa amekazia macho vidole vyake vya miguu. Kokubanza aligeuka akaanza kupanga majani ya mgomba juu ya mtumbwi. Baba yake alikuwa amesimama hapohapo.

"Haya," dresa alisema. "Kama ni mti wa kibanjani, hapo sina la kusema. Mkikumbuka lolote, njooni." Akapanda baiskeli yake.

Tangu siku ile Kokubanza aliunywa uji bila hamu. Alijiambia kwamba baba hawezi kukosea jambo kubwa namna hiyo, na kwamba wageni wa harusi kweli walikuwa wazima. Hata hivyo, kila alipofunua majani ya mgomba kuchota omuramba, aliuona tena akilini ule unga mweupe wa kwenye mikato.

Jumamosi moja walikuwa jikoni wakipika ndizi. Mama alisimama kando ya mafiga akikoroga, akimsimulia habari za shangazi yake. Kokubanza alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akatazama chunguni, akatazama kuni. Kisha akaona moshi mwembamba ukitoka chini ya unyayo wa mama yake. Kaa lilikuwa limedondoka, na mama alikuwa amelikanyaga.

"Mama! Mguu!"

"Mguu gani?" Eugenia aliuliza, bado anakoroga.

Kokubanza alimsukuma akaanguka kwenye majani makavu. Unyayo ulikuwa umeungua vibaya, na mama aliutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ndipo alipolia, si kwa maumivu, bali kwa kuyakosa. Melkiory alikuja mbio, Bibi nyuma yake. Baba yake alipokuwa akiumwagia mguu maji ya baridi, Kokubanza alipiga magoti mbele yake.

"Baba, unisamehe. Mti haukutoka Chonyonyo. Nitakwenda kumwambia dresa. Ukitaka kunipiga, nipige kwanza, halafu nitakwenda."

Melkiory alikuwa mtu wa hasira za karibu, na Eugenia alinyoosha mkono kumkinga binti yake. Lakini Bibi Kemirembe aliwahi.

"Melkiory, mti ulitoka wapi?"

Melkiory aliutazama unyayo ule mikononi mwake. "Kwenye pori la mbung'o," alisema kwa sauti ndogo. Akaufunga mguu wa mkewe kwa kitambaa safi, akanawa, akamwambia Kokubanza, "Twende wote."

Gaudiosus aliwasikiliza hadi mwisho bila kuwakatiza. Kisha akavuta kiti karibu.

"Dawa ile ina sumu iitwayo aseniki," alieleza. "Ndiyo hiyohiyo wanayotia kwenye majosho ya ng'ombe. Mtu akimeza nyingi, hufa mapema na kila mmoja hujua kilichomuua. Akimeza chembe kila asubuhi, hafi. Anakwenda shamba, anakwenda misa, anacheka. Lakini kabla mwili haujaitoa ya leo, anaongeza ya kesho. Ngozi inakuwa ngumu, madoa yanatokea, miguu inakufa ganzi. Ikiendelea kwa miaka, inaweza kuleta hata saratani."

"Lakini mimi nilikata juu ya mikato," Melkiory alisema.

"Mti hunywa, ndugu yangu. Ulikaukaje majani hadi kileleni kama dawa ilibaki shinani? Iliupanda mti wote, na omuramba ukilala humo unaitoa polepole."

"Na wageni wa Rwegasira?"

"Walikunywa siku moja, basi. Walichokuonyesha ni kwamba mtumbwi wako hauui kwa siku moja. Wewe ukachukua kwamba hauna neno kabisa."

Melkiory aliinamisha kichwa. Kisha akauliza kama kuna kiasi kidogo ambacho mtu anaweza kunywa asidhurike. Gaudiosus alikiri kwamba hajui. "Nitapeleka kipande cha ule mti Bukoba, wakitume kwa wenye vyombo vya kupimia. Lakini hatungoji majibu huku mkeo anaendelea kunywa. Leo hii omuramba wa humo unakoma."

"Nitauchoma usiku huuhuu."

"Usiuchome! Moshi wake nao una sumu."

"Basi nitawawekea mbuzi wanywee maji."

"Mbuzi wamekukosea nini?" Gaudiosus aliuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile Kokubanza akatabasamu.

Mtumbwi ulizikwa Jumatatu, mbali na chemchemi na mbali na kibanja, katika shimo alilochimba Melkiory peke yake. Alikataa kusaidiwa. Kabla ya kuufukia aliupapasa ubavu mara moja, kwa kuwa ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na macho yakamlowa. Kisha akaenda kwa mkungu kusema ukweli. Mkungu hakumfunga. Alimwamuru apite kaya kwa kaya, aeleze mwenyewe alichokifanya na kilichompata mkewe. Adhabu hiyo ilimwuma fundi mwenye jina. Lakini katika nyumba mbili walipomsikia, waliinuka wakaenda kutoa vinu walivyochonga kutoka miti ileile.

Majibu yalichukua muda mrefu kurudi, na yalisema kwamba ule mti ulikuwa na sumu. Kufikia hapo, viganja vya Kokubanza vilikuwa vimeanza kulainika. Auleria alivikagua kwa makini kama mnunuzi wa kahawa, akavikubali. Miguu ya mama ilichelewa zaidi. Kidonda kilipona, ila ganzi iliondoka taratibu mno, na Gaudiosus hakuwaahidi kwamba itakwisha yote.

Melkiory aliangusha mti katika kibanja chake mwenyewe, akaulaza nyuma ya nyumba. Watu walimwuliza atauchonga lini, akawajibu kwamba mti ndio utakaosema. Ulikaa mvua zote na kiangazi chote. Alipomaliza mtumbwi mpya, Rwegasira alikuwa wa kwanza kuja kuuazima, maana alikuwa na binti mwingine wa kuoza.

"Huu nao umetoka wapi?" Rwegasira aliuliza, nusu akitania.

Melkiory alimwita Kokubanza. "Mpeleke mzee akaone kisiki."

Kokubanza alimpeleka Rwegasira kibanjani, akamwonyesha kisiki kisicho na alama yoyote ya mikato. Waliporudi, Melkiory alimkalisha binti yake kando yake, mbele ya mgeni.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekufundisha kusema uongo, na wewe ndiye uliyetuokoa kwa kuuacha," alisema. "Kitu cha kutia kinywani hakipimwi kwa kuwa jana hakikukuumiza. Uliza kimetoka wapi na kimeguswa na nini. Na kama wewe ndiye unayejua, sema, hata kama aliyekukataza ni mimi."

"Nimesikia, Baba."

Asubuhi ya harusi, Eugenia alitoka kukata majani ya mgomba ya kufunikia omuramba. Kokubanza alimsikia akipiga ukelele mdogo huko kibanjani, akatupa ufagio na kumkimbilia. Alimkuta amesimama kati ya migomba, ameinua mguu mmoja kama kuku, anacheka huku machozi yakimtoka.

"Koku," alisema, "umande una baridi!"